Nitaondoa Saini Yangu

Njooni kwanza mwone walivyokuwa, ndipo niwaeleze walivyokuja kuwa.

Ni Jumapili jioni. Msusi wa mtaa wetu ameketi chumbani kwake ghorofa ya pili, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Wiki nzima amesimama akisuka, akifumua na kupokea umbea wa watu, na sasa miguu imemvimba. Mumewe, fundi wa makochi, amechuchumaa mbele yake akimsugua visigino.

"Mke wangu, hivi ni visigino au msasa?" anauliza. "Karakana tumeishiwa. Kesho nitakuazima."

"Kichaa wewe! Sugua."

Wanacheka mpaka maji yanamwagika sakafuni.

Hawa wawili walioana kwa kupendana. Nalisema mapema ili lieleweke, maana mbele huko atakuja mtu wa kulitilia shaka.

Fundi alikuwa mgeni nchini. Kibali alichoingilia kilikwisha muda zamani, naye akabaki akiishi kwa kunyata. Alifanya kazi chumba cha nyuma ili wateja wasimwone, na akiona sare yoyote, hata ya mlinzi wa duka, alivuka barabara. Msusi alikuwa mwenyeji, mzaliwa wa hapo hapo. Walikutana fundi alipoitwa saluni kushona upya viti vilivyochanika. Walipooana, sheria ilimruhusu msusi kumwombea mumewe ukaazi wa kudumu. Akatia saini maombi huku akiimba.

Tabu ilianzia saluni, kwenye kiti cha dada yake mkubwa. Huyu tulimwita Redio, kwa kuwa ukishamwasha hazimiki.

"Mdogo wangu, unajua lakini unachokifanya?"

"Nakusuka, dada. Tulia."

"Namsema mumeo. Huyo kafuata karatasi. Siku akiitia mfukoni utakiona kisogo chake."

"Mume wangu hayuko hivyo."

"Wote huwa hawako hivyo! Mshike masikio mapema, mwenzangu. Usije ukanililia mimi."

Siku chache baadaye fundi alisahau kununua gesi. Msusi, kwa utani, akamwambia, "Wewe! Nitakwenda kule ofisini niondoe saini yangu." Wakacheka wote, ila kicheko cha fundi kilichelewa kidogo. Kisha akatoka mbio na mtungi begani, mvua ikimnyeshea, wala hakurudi kuchukua koti.

Msusi alimtazama kupitia dirishani akikimbia. Ndugu zangu, alipaswa kuona aibu. Yeye aliona raha.

Kuanzia hapo neno likawa halikauki. Fundi akisema chai imepoa: nitaondoa saini. Fundi akichelewa mpirani na wenzake: nitaondoa saini. Akaacha mpira, na wale wenzake mmoja mmoja wakaacha kumpigia simu. Alipokoroma, akafukuzwa kitandani, akahamia kwenye kochi la sebuleni. Siku moja waligombana juu ya kabati. Msusi akazitoa nguo za mume zote na kumwambia aziweke kwenye begi, maana safari yake haiko mbali. Hasira zilipopoa hakuna aliyezirudisha nguo kabatini. Begi likakaa nyuma ya mlango, msusi akazoea kutundika mtandio wake juu yake. Picha yao ya harusi nayo ilishushwa katika ugomvi mwingine, ikasahaulika chini ya kitanda.

Fundi alivumilia. Ulipomuuliza hali, alijibu, "Nasubiri kibali kitoke. Kikitoka tutakaa vizuri." Huyu mtu alishona makochi ya kukalia watu wengine kutwa nzima, kisha kwake akakaa ukingoni, kama aliyeitwa kutengeneza kitu na bado hajaambiwa ni kipi.

Asubuhi moja mlango uligongwa. Alikuwa afisa wa uhamiaji, mama wa makamo aliyechoshwa na ngazi, mwenye sauti ya upole. Alikuja kuiona ndoa kwa macho yake, kama wanavyofanya kabla ya kutoa uamuzi.

"Keti, bwana," akamwambia fundi.

Fundi akamgeukia mkewe. "Nikae?"

Afisa akaliona hilo. Akaliona blanketi lililokunjwa kwenye kochi. Akaomba kuonyeshwa kabati, likawa na magauni matupu. Akauliza begi la nyuma ya mlango ni la nani. Akatazama kuta, akauliza kama hawakupiga picha walipooana.

Kisha akamuuliza fundi habari za mkewe. Fundi akajibu kama maji: anapenda chai ya tangawizi, anaogopa paka, goti la kushoto humsumbua wakati wa baridi, akiudhika hufua.

"Na wewe, mama. Mumeo anapenda chakula gani?"

"Anakula chochote."

"Anakula chochote, sawa. Anapenda nini?"

Msusi akamgeukia mumewe amnong'oneze. Mwanamume aliyeogopa kusema chai imepoa angesema saa ngapi anachokipenda?

"Mama," afisa akasema taratibu, "ndoa za kununua nimeziona nyingi. Hata wapangaji wanaochangia choo wanajuana kuliko nyinyi."

Hapo msusi akalipuka. "Hii haijanunuliwa! Nampenda! Begi nilimfungisha mimi kwa hasira. Kochini nilimfukuza mimi. Kila siku nimemtishia hii saini, mpaka akaacha kuwa mtu. Ni mimi, afisa, si yeye!"

Afisa akaweka kalamu chini. "Bwana, ni kweli alikuwa akikutisha? Ukisema ndiyo, kuna njia nyingine ya kukusikiliza, hata bila saini yake. Sema bila woga."

Fundi akamtazama mkewe.

"Sema, mume wangu," msusi akamsihi. "Nakuomba, sema."

Na huyu mtu, aliyezoea kupima kila neno lisije likamwudhi mkewe, akasema: "Hapana. Hajawahi kunitisha. Mke wangu ni mtu mzuri. Mimi nakoroma tu."

Mke kasema hivi, mume kasema vile. Afisa akaandika kwamba wawili hawa hawakupatana hata maneno ya kudanganya. Maombi yakakataliwa, fundi akatakiwa kuondoka nchini.

Redio alipopata habari alikuja hima. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia nini, dada?" msusi akamuuliza. "Uliniambia ataondoka akipata karatasi. Mbona anaondoka hana?"

Nadhani ndiyo siku pekee tulipomsikia Redio akikosa la kutangaza.

Rufaa ilikuwepo. Msusi alizunguka kwa mawakili mpaka viatu vikaachama, akapata mmoja aliyekubali. Akarudi nyumbani na karatasi, akazitandaza mezani.

"Nimeshasaini zote," akasema. "Imebaki yako. Nimeomba radhi humo ndani, nimeeleza kila kitu. Safari hii na wewe sema ukweli tu. Watatuamini."

Fundi akaishika kalamu. Kisha akailaza juu ya karatasi.

"Huenda wakatuamini," akasema. "Lakini mimi nimechoka, mke wangu."

"Sitarudia tena! Naapa."

"Najua hutarudia. Ila kila ukiingia na uso umeukunja, mimi nitasikia. Hata usiposema, nitasikia." Akasugua macho. "Huko ninakokwenda sina kazi wala chumba. Lakini chai ikiwa imepoa, nitasema imepoa."

Aliondoka mwisho wa wiki ile, kabla ya kuja kufukuzwa.

Funzo

Wewe uliye na uraia, uliyezaliwa nao bila kuutolea jasho, sikiliza. Unapomwombea mwenzako ukaazi umemfungulia mlango. Usisimame hapo kizingitini kila siku ukimkumbusha kwamba unaweza kuufunga. Ndoa haiwezi kuwa ofisi ya uhamiaji, na mke au mume si mwombaji wa kupangishwa foleni kitandani kwake.

Wewe unayesubiri karatasi, usidhani kimya chako kinailinda nyumba. Fundi alimfichia mkewe aibu, akaizika ndoa yote. Sema mapema, kwa jirani, kwa wakili, kwa yeyote mwenye masikio, ungali unajua unachokipenda.

Na nyinyi akina Redio: mkiwa na wasiwasi na shemeji zenu, waulizeni wao wenyewe. Mkikosa ujasiri wa kuwauliza, sukweni nywele mnyamaze.