Jani Lililokataliwa na Kisomajani

Kisomajani, mashine ya kupima dawa za mimea, kilipokea jani moja la mtambaamwamba, kikalisaga, na ndani ya dakika sita kikawa kimelitenganisha katika viambato mia tisa. Kila kiambato kilidondoshwa kwenye kitundu chake katika sinia, juu ya chembe hai za ini zilizoambukizwa virusi vya dengue. Virusi vikizuiwa, kitundu huwaka buluu. Hakuna kilichowaka.

“Halifai,” mashine ikatangaza.

Dakta Namkunda Mshana, mkemia mkuu wa maabara ya Afyanuru jijini Tanga, alimgeukia mgeni wake. Mwaka huo wa 2094, hakuna dawa iliyoingia hospitalini bila muhuri wa kisomajani.

“Pole, mama. Umesikia mwenyewe.”

Bi Zaina Shekalaghe, mganga wa miti shamba kutoka milima ya Usambara, hakuinuka kitini.

“Kijijini kwetu dengue imewapata watu mia mbili msimu huu. Waliokunywa dawa yangu hawakutoka damu hata mmoja. Sasa hiyo mashine yako inakunywaje dawa?”

“Inapima kiambato kimoja kimoja.”

“Basi ndiyo maana. Sisi tunachemsha jani na mzizi wake pamoja, mpaka maji yawe mekundu. Nani alikwambia tunatafuna vipande mia tisa?”

Namkunda aliiendea mashine. Akazima kitenganishi, jambo lililokatazwa na kanuni za maabara, akachemsha jani na mzizi kwa mkono wake kama Bi Zaina alivyomwelekeza, kisha akadondosha maji yale mekundu katika vitundu vyote.

Sinia nzima iliwaka buluu. Akarudia mara tatu, na mara zote chembe za ini zikabaki hai. Siku nne baadaye alikuwa ameelewa: kiambato cha mzizi kilifungua utando wa chembe, cha jani kikapita na kuzuia virusi visizaliane. Kila kimoja peke yake hakikuweza kitu.

“Mama, umeleta tiba!” alisema, machozi yakimlengalenga.

“Niliileta miaka mitatu iliyopita,” Bi Zaina akajibu. “Binti yangu alikuwa amelazwa hapa mjini kwa dengue. Nilifika na chupa ya dawa, wakanizuia mlangoni kwa sababu haikuwa na muhuri. Nikaleta majani hapa kwenu mapokezi, nikajibiwa kwa karatasi. Nikamzika.”

Namkunda alifungua kumbukumbu za mashine. Faili lilikuwepo: mtambaamwamba, halifai. Chini yake, aliyeidhinisha: N. Mshana. Hakukumbuka hata siku yenyewe. Asubuhi moja tu, majani arobaini, saini arobaini.

Mkurugenzi Lukindo alipoliona faili, alifunga mlango wa ofisi.

“Kesho tunatangaza tiba kwa waandishi wa habari. Hilo faili lifutwe. Watu wakijua kisomajani kilikosea, nani atatuamini?”

“Silifuti.”

“Namkunda, utafukuzwa kazi.”

“Nifukuze. Lakini kesho nasema mimi.”

Kesho yake ukumbi ulijaa. Namkunda alieleza tiba, akamtaja Bi Zaina aliyeketi mstari wa mbele, kisha akaanza kulisoma lile faili. Lukindo akaashiria kipaza sauti kizimwe. Kikazimwa. Namkunda akapaza sauti yake mwenyewe, akasoma tarehe, akasoma uamuzi, akasoma jina lake.

“Kwa hiyo ni mashine iliyokosea?” mwandishi mmoja akauliza.

“Mashine ilipima ilichoambiwa kupima. Mimi ndiye sikumwita mama huyu nimuulize dawa yake inatengenezwaje. Niandike mimi. Na kuanzia leo sitasaini kukataa dawa yoyote kabla sijaketi na aliyeileta, hata nikifukuzwa nikaifanya kazi hii barabarani.”

Lukindo alimshika mkono ili amtoe. Bi Zaina akasimama kati yao, mfupi, amejifunga khanga kiunoni.

“Mwache amalize,” alisema. Kisha akamgeukia mwandishi. “Na wewe, kalamu yako iko wapi? Andika: binti yangu, Tunu Shekalaghe. Alikuwa na miaka ishirini na sita.”