Vidole Vitatu na Nusu Kwenye Mtutu

Alama ya kwanza ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi, na ghala lile lingekuwa la mtu mwingine, hakuna ambaye angeiona. Lakini mtunza ghala la silaha wa kituo cha polisi cha mtaani kwetu tulimwita Kioo, na jina hilo hakuliokota njiani. Kwenye bunduki zake ungeweza kujipaka wanja. Miaka thelathini alitembea na kitambaa chenye mafuta mkononi, mpaka wambea tukasema alizaliwa nacho. Hakuna bunduki iliyotoka kwake kwenda kwa mtu kabla hajaipitishia kitambaa mara ya mwisho, hata kama alikuwa ameipangusa dakika hiyo hiyo. Askari mwenye viganja vya jasho alikatazwa kugusa chuma. Alikuwa akimwambia, "Wewe una chumvi, shika kwenye mbao."

Basi asubuhi ile akaona doa la kahawia kwenye mtutu. Akalifuta. Akaenda kunywa chai, aliporudi doa limekuwa alama ya kidole. Kesho yake kulikuwa na vidole vitatu kamili na cha mwisho nusu, vimeuzunguka mtutu kama mtu anayekamua shuka.

Kioo akakaa chini. Mkono ule aliujua. Sote tuliujua.

Ulikuwa wa dobi, mwanamke aliyefua magwanda ya kituo kile miaka kumi na miwili, kidole chake kidogo kimekatwa na mlango wa chuma tangu utotoni. Akikuta tundu kwenye soksi ya askari, mtaa mzima ungejua kabla soksi haijakauka, na mimi nilimpendea hilo. Wiki mbili kabla, mchana kweupe, mkuu wa kituo alikuwa uani akiwaonyesha wageni wake namna ya kulenga chupa. Risasi moja ikapita juu ya ukuta, ikamkuta dobi kwenye kamba, mikono imelowa, anaanika shuka ya mkuu huyo huyo. Mkuu akampa Kioo bunduki na maneno mawili tu: isafishe vizuri.

Kioo akaisafisha. Jioni wakaja wapelelezi kutoka ofisi kubwa, wakachungulia mtutu, wakaona mwanga tupu, wakasema bunduki hii haijalia mwaka mzima. Wakamchukua mdogo wa marehemu dobi, mchukuzi wa magunia, kwa sababu asubuhi ile majirani waliwasikia wawili hao wakigombania beseni. Bunduki yake iko wapi? Kaitupa chooni, wakasema. Choo kikanyonywa chote, kikatoa kile ambacho vyoo hutoa. Mchukuzi akabaki ndani akingoja hukumu.

Kwa hiyo Kioo alijua anachokifuta. Hata hivyo akafuta. Akajaribu mafuta ya taa, akajaribu petroli, akajaribu msasa laini ambao yeye mwenyewe alikuwa akiwakataza watu, na alama ikatoka na kurudi, ikatoka na kurudi. Halafu ghala likaanza kunuka sabuni ya mche. Akiwa peke yake mle ndani, jua la saa saba likichoma bati na mlango umefungwa kwa ufunguo ulioning'inia kiunoni mwake, alisikia nyuma ya safu ya bunduki kitambaa kizito kikikamuliwa, maji yakidondoka, kikikamuliwa tena, polepole, kwa subira ya mtu mwenye nguo nyingi na siku nzima mbele yake, na mle hamkuwa na bomba wala ndoo, na aliposogea kuangalia akakuta sakafu imelowa mpaka ncha za viatu vyake.

Kisha ikamfuata nyumbani. Mkewe ni fundi cherehani. Sindano zake zikaota kutu na kukatika, mkasi ukakwama, na gauni la bibi harusi likatoka mashineni na vidole vitatu na nusu kifuani. Mama wa watu akanijia kwa mlango wa nyuma, amejifunika hadi puani, akaniambia yote, na kuanzia hapo sikuwahi kulala bila habari mpya.

Usiku wa gauni lile alikuwa amemuuliza mumewe kwa sauti ya chini, "Baba watoto, umemfanya nini yule dobi?"

"Sijamfanya kitu."

"Basi ile bunduki umeifanya nini?"

Kioo akavuta kitambaa chake, akaanza kufuta meza, na mke akaelewa.

Wakamwita mganga, mzee mwenye kikohozi, akaja adhuhuri mikono mitupu. Alinusa mlango, akakataa hata kuingia.

"Hili silitoi," alisema. "Jini nalifukuza. Huyu ni mtu, anataka aonekane. Kila ukimfuta, anarudi. Iache alama ikae, uipeleke ilivyo kwa wale waliochungulia, useme ulilofanya."

"Na nikisema?"

"Atapumzika. Na mdogo wake atatoka."

Kioo akakubali. Siku tatu hakugusa ile bunduki, akawa kama mtu mwenye upele aliyeambiwa asijikune. Kutu ikakolea, ikaota mistari ya kiganja, hata kovu la kile kidole likaonekana. Siku ya nne akaifunga kwenye gunia, akaenda nayo ofisi kubwa yeye na mkewe, wakakaa kwenye benchi. Alikuwa amekuja, tumpe haki yake.

Mlango ukafunguliwa, mpelelezi akanyoosha mkono. "Haya mzee, lete tuone."

Kioo akasimama, akafungua gunia, akatoa bunduki, na kabla ya kumkabidhi akaipitishia kitambaa.

Mara moja tu, kuanzia juu mpaka chini, kama alivyofanya kwa kila mkubwa kwa miaka thelathini. Mkewe alinyoosha mkono kumzuia, akashika hewa. Kutu iliyoshinda petroli ikatoka kama vumbi la juzi. Kioo akakitazama kitambaa mkononi mwake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Inang'aa kama sahani mpya," mpelelezi alisema. "Ina tatizo gani?"

"Ilikuwa imelia, afande. Siku ile. Mimi ndiye niliyeisafisha."

Mpelelezi akamtazama mwenzake, wakacheka kidogo. "Si ndiyo kazi yako, mzee?"

Kisha akapiga simu kwa mkuu wa kituo. Wiki iliyofuata Kioo alistaafishwa, na barua yake ilimsifu kwa usafi. Mchukuzi amesomewa hukumu ya kifungo cha maisha.

Majuzi nilikwenda kwao kuazima chujio, ingawa langu lipo. Nilimkuta Kioo kibarazani. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukienda na kurudi juu ya paja, hauna kitambaa, hauna kitu. Kwenye kifundo cha mkono huo kulikuwa na bangili ya kahawia iliyoingia ndani ya ngozi, vidole vitatu na nusu. Palinuka sabuni. Maji yalimtiririka kwenye kiwiko, yakadondoka sakafuni.

Nilimuuliza kama inauma.

"Haiumi, bibi," alisema taratibu. "Ananishika tu, nisifute."

Na mkono ukawa bado unafuta.