Cherehani ya Yasmina

Yasmina alikuwa fundi wa nguo hapa Gitega, mjini Kigali. Kila asubuhi alifagia uwanja, akamnywesha uji mtoto wake Cyusa, kisha akaenda kushona. Mkono wake ulikuwa mzuri na wateja walimfuata. Lakini cherehani haikuwa yake. Aliikodi kwa mwenye duka, na kila jioni nusu ya faranga alizopata zilibaki pale dukani.

Alichoka. Akaanza kuweka akiba ndani ya kopo la maziwa, nyuma ya gunia la makaa. Mume wake, Nkusi, alikuwa fundi wa magari kule Gatsata. Yasmina hakumficha. Alimwambia waziwazi, "Hizi ni za cherehani. Usiziguse."

Jumamosi moja ya mwaka 1992, Yasmina alifungua kopo ili aongeze faranga. Lilikuwa tupu.

Hakuuliza majirani. Alijua alipo Nkusi. Kila Jumamosi mchana nusu ya mtaa ilikwenda kwa Mama Illuminée, mjane aliyekuwa na televisheni na video, kutazama vichekesho. Yasmina mwenyewe alivipenda sana. Siku nyingine angecheka mpaka machozi yamtoke.

Alipoingia, watu walikuwa wamebanana kwenye mikeka. Katika televisheni, mwanamume mnene alikuwa amejificha chini ya kitanda, akimkimbia mke wake. Watu wote walikuwa hoi kwa kicheko. Nkusi alikaa katikati, anacheka kuliko wote. Joto lilikuwa kali, jasho linamtiririka, lakini alikuwa amevaa koti jipya la ngozi.

Yasmina alipita katikati ya watu akazima televisheni.

"Koti hilo umelinunua kwa faranga gani?"

Nkusi alitazama chini. "Tutaongea nyumbani, Mama Cyusa."

"Tutaongea hapa."

Kijana mmoja alinung'unika kwamba wenzake wanataka kuona mwisho. Mama Illuminée akasimama. "Mwisho mtauona siku nyingine. Nendeni nyumbani."

Walipobaki watatu, Nkusi alijitetea. "Pale gereji wenzangu wote wanavaa vizuri. Mimi naenda harusini na koti la marehemu baba, mikono yake inaishia hapa kwenye viwiko. Watu wananicheka. Nilitaka kuzirudisha mwisho wa mwezi."

"Ulitaka. Uliniuliza?"

"Na wewe, vile viatu vyako vya sikukuu ya Idi ulivitoa wapi? Si humo humo kwenye kopo?"

Yasmina alihisi uso unawaka. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimzidishia hasira. "Nilichukua jasho langu, nikanunua viatu vyangu. Wewe umechukua jasho langu kimya kimya, kama mwizi."

Nkusi alilivua koti, akalikunja mapajani.

Mama Illuminée alimkalisha Yasmina kwenye kiti. "Hasira yako ni ya haki," alisema. "Nkusi, umekosa. Koti hilo uliuze. Lakini wewe Yasmina, faranga zikirudi, usizirudishe kwenye kopo."

"Kwa nini? Kopo limekosa nini?"

"Faranga zikikaa nyumbani, kila siku kuna kitu kinaziita. Leo viatu, kesho koti, keshokutwa mgeni. Njoo kwenye ikimina yetu. Ni chama chetu sisi wanawake wa mtaa huu. Kila Jumapili kila mmoja anatoa kiasi kile kile, mbele ya wenzake. Zote anapewa mmoja. Jumapili inayofuata anapewa mwingine, mpaka wote tunapata."

"Na mtu akipokea halafu akakimbia?"

"Hatumchukui mtu tusiyejua kwake. Na aliye mpya anapokea mwisho. Wewe utangoja."

Nkusi aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mtu asivae?"

"Avae," alijibu Mama Illuminée. "Mkipata mshahara, toeni kwanza pesa ya chakula na ya nyumba. Halafu toeni akiba siku ile ile, kabla hamjapita sokoni. Inayobaki, gawaneni kidogo kidogo, kila mtu na yake ya kujipamba. Koti linunuliwe kwa hiyo, hata likichelewa. Na asiguse mtu ya mwenzake."

Nkusi aliliuza koti sokoni Kimisagara, akapata hasara. Faranga zilizopungua alizilipa kutoka mshahara wake. Yasmina alizipokea bila kutabasamu. Kwa wiki nyingi alilala akitazama ukuta. Nkusi akimsalimia, aliitika, basi.

Lakini Jumapili hakukosa. Mara nyingine alipita dukani, akaona kitenge kipya cha kijani, moyo ukamvuta. Aligusa kitambaa, akauliza bei, akaondoka amekasirika. Hasira hiyo nayo ilimsaidia.

Zamu yake ilifika baada ya miezi mingi. Alinunua cherehani iliyotumika, lakini nzima. Nkusi aliibeba begani akipanda kilima, akaipaka mafuta, akakaza kila skrubu. Yasmina aliiweka barazani kwake. Jioni ya kwanza alishika faranga za wateja, na hakuna aliyekuja kuchukua nusu.

Wiki ile ile Nkusi alikuja na kitambaa cheusi, kizuri. Alikuwa amekinunua kwa akiba yake mwenyewe ya kujipamba.

"Nishonee koti," alisema.

Yasmina alikikunjua, akakipima kwa macho. "Kuna wateja wawili mbele yako. Na fundi analipwa nusu kwanza."

Nkusi alitia mkono mfukoni akalipa. Yasmina alizipokea, akaziweka kando ziwe za ikimina ya Jumapili. Kisha akamwambia asimame wima, ampime mabega.