Barua ya Kunirudisha Nyumbani

"Keti, mama. Tumeombwa tukurudishe kwenu."

Wapendwa, hebu fikirieni!

Nilikuwa na wiki sita tu katika chuo cha ugenini. Mwaka mmoja wa masomo ya maabara, nafasi niliyoipata nikiwa na miaka arobaini na minne, stashahada mkononi na watoto watatu nyumbani. Nikaketi mbele ya mshauri wa wanafunzi wa kigeni, koti jeupe bado mwilini.

"Nani kaomba?"

"Mume wako. Anasema akili yako haijatulia. Hulali, unahitaji kupumzika kwenu."

Mume wangu!!! Yule yule aliyenibebea begi hadi uwanja wa ndege!

"Na nyie mnasemaje?"

"Hatumrudishi mtu kabla ya kumsikiliza. Ila nikiona unaumwa kweli, masomo yatasimama."

"Niangalie vizuri. Naumwa?"

"Umekasirika."

"Huo si ugonjwa. Hiyo ni haki yangu!"

Nikampigia mume palepale, nikaweka spika.

"Baba watoto, umeniandikia barua kwamba mimi kichaa?"

"Barua? Mke wangu, mimi hata ujumbe wako nakujibu kwa kidole gumba!"

Kweli... Tangu tuoane sijawahi kuona barua yake.

Mshauri akanigeuzia kompyuta. Anwani mbili. Tarehe. Kichwa cha habari kimepigiwa mstari. Mwisho kabisa: "Wako mtiifu."

Nikaisoma mara mbili.

Mume wangu, mtiifu? Kwa nani?!

Barua ya namna ile nilimfundisha mtu mmoja tu, akijiandaa na mtihani. Binti yangu mkubwa, miaka kumi na saba. Na ndiye aliyemfungulia baba yake barua pepe.

"Mpe simu huyo karani wako."

Ikaja sauti ndogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni kichaa?"

"Mama, leo umepiga mara saba! Chumvi umeuliza. Soksi umeuliza. Juzi umenisimamia kwa video nipige deki upya. Kama hujaondoka, si bora urudi tu?"

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia mara mbili. Ukasema nimalize kwanza kona niliyoiruka."

Nyuma yake nikamsikia baba mtu anacheka. Nikamtafsiria mshauri, naye akauma midomo.

"Lakini kweli hulali, mama?" mshauri akaniuliza.

"Naamka saa tisa usiku kuwapigia watoto waamke waende shule. Saa zetu hazilingani."

"Kwenu hakuna saa ya kengele?"

"Ipo."

"Na baba yao?"

"Yupo..."

Akainua nyusi. Uso ukanichoma, jamani!

"Sirudi," nikamwambia mshauri. "Andika hivyo. Na wewe binti, utaiandikia ofisi hii barua ya kuomba radhi, kwa jina lako. Kuanzia leo napiga Jumapili tu. Chumvi mtaijua wenyewe."

"Hata ikizidi?"

"Mtakunywa maji!"

Baba mtu akaacha kucheka. "Jumapili tu? Sasa sare zao..."

"Ni zao, na wewe ni baba yao!"

Nikakata simu, nikarudi maabara.

Mama mwenzangu, umri usikutishe. Nafasi ikija, ichukue. Ila ukiondoka, ondoka kweli! Nyumba haitaanguka. Na ikiyumba, wenye nyumba wamo humo ndani, wana mikono.