Msimamizi Mkuu wa Jiko la Chuma

Natangaza rasmi, kwa heshima na taadhima, kwamba mimi, Fintan Garvey, mwanafunzi wa shule ya bweni, ndiye msimamizi mkuu wa jiko la chuma la nyumba yetu hapa Mayo, kwenye mvua na baridi isiyoisha. Tangazo hili lina kasoro moja tu: niliporudi likizo ya Oktoba, nilikuta cheo hicho ameshapewa mdogo wangu Dervla.

Kila asubuhi Dervla alizoa majivu, akajaza vipande vya udongo wa kinamasi uliokaushwa, ambao huku kwetu ndio kuni, kisha akarekebisha kilango cha hewa. Moto ule ule uliopika uji ulichemsha maji katika tangi lililo nyuma yake, na maji yakapanda kwa mabomba hadi kwenye vipasha joto vya kila chumba. Bibi, aliyekuwa akiugua kifua huko ghorofani, alisema hajawahi kulala katika joto tamu namna ile. Alisema hivyo mbele yangu, mimi niliyelichochea jiko lile miaka yote! Nikabaki nakoroga chai isiyo na sukari.

Jumapili, Bibi akiwa amelala na wengine wamekwenda kanisani, nilibaki nyumbani kwa kujidai naumwa tumbo. Nikapanda ghorofani nikafunga vipasha joto vyote. Nilitaka nyumba ipoe kidogo tu, Dervla aonekane hajui kazi. Hata cha bafuni nilikifunga, kwa plaizi, maana Baba alikuwa amekiondolea kishikio makusudi. Hicho ndicho cha kutolea joto moto unapozidi, na hakifungwi kamwe. Nilijua hivyo. Siku ile wivu ulinisahaulisha.

Waliporudi, Dervla alijaza jiko hadi pomoni ili aoke nyama ya kondoo. Muda si muda mabomba yakaanza kugonga kana kwamba kuna mtu amefungiwa ukutani. Bibi akateremka ngazi amejifunika blanketi, akikohoa, akauliza kulikoni. Baba akamgeukia Dervla kwa ukali. Dervla alifunga kilango cha hewa, akafungulia maji ya moto kwenye sinki ili tangi lipoe, mpaka mvuke ukajaa jikoni, huku machozi yakimtiririka. Baba akasema ikiwa jiko limemshinda, kazi ile itarudi kwangu.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Nikasafisha koo kama mwalimu mkuu.

"Baba, anza kufungua kile cha bafuni," nilisema. "Halafu cha Bibi."

Baba alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Akasimama.

"Nani kakwambia vimefungwa?"

Dervla akafuta macho. "Ehe, Profesa. Tumbo limepona?"

Baba akapanda kuvifungua, na kelele zikaanza kupungua. Bibi akavuta kiti karibu na jiko, akaniita.

"Dervla akisifiwa, wewe unapungukiwa nini, mjukuu wangu?" aliuliza taratibu. "Ungemwomba zamu, angekupa. Wewe umeona heri bomba lipasuke, mradi mwenzako aaibike. Jifunze kufurahia kazi nzuri hata kama haikufanywa na mikono yako."

Nikamtazama Dervla.

"Ni mimi," nilisema. "Nilivifunga vyote, hata cha Bibi. Nilikuonea wivu."