Sindano na Nyumba Yenye Milango

"Usifungue! Nakwambia usifungue!"

Fundi wa mapazia aliganda mlangoni kama aliyepigiliwa msumari, mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine umekumbatia furushi la kitambaa cheusi. Gauni lake la bluu limejaa vinyuzi, sindano imesahaulika kwenye ukosi. Akangoja wee! Mwishowe mlango ukafunguliwa na kijana mrefu, mchangamfu, shati limekosa kifungo kifuani.

"Dada, mbona huingii?"

"Si mmenikataza!"

Kijana alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe kelele zile walikuwa wanapigiwa watu wa kwenye skrini. Lile lilikuwa duka la gemu, juu ya soko la simu, nalo siku hiyo limejaa watu pomoni. Kijana huyo, mwenye duka, aliitwa Chaji, maana alianza kwa kuchaji simu za watu, na mapazia meusi ndiye aliyeyaagiza, jua lisimharibie giza lake.

"Giza la nini?"

"La kutishana. Keti, Sindano, ujionee."

Basi jina likamganda. Akapewa kidude cha kuchezea. Kwenye skrini palikuwa na nyumba, ndani yake msichana anamtafuta mdogo wake. Kila hatua nyumba inauliza: umwambie ukweli au umdanganye? Ufungue au urudi? Chini, mstari mwekundu wa muda unapungua.

"Na nisipobonyeza?"

"Kunyamaza nako ni jibu. Nyumba inakuchagulia, tena haisahau."

"Sasa raha yake iko wapi, mtu mzima kujitisha?"

"Kwenye sinema unamtukana mjinga anayeshuka chini peke yake. Hapa mjinga ni wewe."

Akacheka, akabonyeza, akapiga ukelele, akabonyeza tena. Viganja vimelowa, moyo unadunda, na bado hataki kuondoka! Hofu aliyojichagulia mwenyewe ikamnogea kama kitu cha wizi.

Tangu hapo, kila wakifunga kazi, walicheza pamoja, na ahadi ikawa moja: hakuna kumtangulia mwenzako. Mchana ni simu tu.

"Umekula, Sindano wangu?"

"Nimekula uzi. Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba haina tofali. Ukiingia unatetemeka, ukitoka unataka kurudi."

"Gemu yetu hiyo!"

"Umepata. Na Jumapili shangazi anataka kukuona, ujiandae kutetemeka."

Kwa shangazi hapakuwa mchezo. Sindano aliwahi kuachwa na mchumba, gauni la harusi likiwa bado kwenye cherehani, na shangazi ndiye aliyempangusa machozi. Sindano aliapa hatampeleka mwingine kwa shangazi mpaka awe na hakika naye.

Ijumaa adhuhuri akapitia dukani na kifungo kipya mkobani. Chaji ametoka kununua vipuri, skrini inawaka. Akasoma maandishi yake: UMEMWACHA MDOGO WAKO. Mlango wa chini umefungwa, mtoto yuko ndani.

Akampigia Chaji simu. "Umecheza bila mimi?"

"Nimecheza, lakini..."

"Na mtoto umemwacha?"

Kimya.

"Chaji, nakuuliza!"

Kimya tena.

"Haya. Nimeshapata jibu langu."

Akakata. Siku hiyo alishona pazia la mteja juu chini, akalifumua, akalishona juu chini tena.

Jumamosi asubuhi, jua linawaka, mlango wa karakana ya Sindano ukajaa skrini. Nyuma ya skrini, miguu ya Chaji.

"Usifungue," alisema Sindano bila kuinua kichwa.

"Nimeshaingia."

Akaitua mezani katikati ya vitambaa, akachomeka waya, akacheza mpaka mlango ule ule wa chini. UMSHIKE MKONO, AU UFUNGE? Mstari mwekundu ukaanza kupungua. Chaji akaweka kidude chini.

"Bonyeza!" akapayuka Sindano.

"Jana nilifika hapa, mteja akaniita. Kugeuka, muda umeisha, nyumba imenichagulia. Sikumwacha mtoto, nilinyamaza. Na kwenye simu nikanyamaza tena, kwa aibu ya kuvunja ahadi."

"Uliivunja ya nini?"

"Ulivyolia tulipofika darini mwa nyumba ile! Nikasema nitangulie, nijue mapema pa kukushika mkono."

"Kumbe mikono yangu unaipigia hesabu!"

"Naipigia. Leo sinyamazi: nataka kukuoa, Sindano. Unikubali, au unifukuze na skrini yangu?"

Sindano akachukua uzi, akaulamba, akautia kwenye tundu taratibu kama hana haraka duniani.

"Muda unaisha, mwenzangu!" Jasho linamtoka Chaji. "Sema neno!"

Mstari ulikuwa umebaki kipande kama ukucha. Sindano akanyoosha kidole, akabonyeza. Kwenye skrini, msichana akaushika mkono wa mdogo wake, mlango ukabaki wazi. Hapa mezani, mkono mwingine wa Sindano ulikuwa tayari ndani ya mkono wa Chaji.

"Kitendawili," akasema, macho yanacheka.

"Te... tega."

"Shati halina kifungo, mwenyewe anataka mke."

"Jibu sijui. Nakupa mji."

"Jibu lake, vua nikushonee. Kesho shangazi asije akadhani nimekuokota."