Majina Arobaini na Mawili

Gauni lilianikwa juani kutwa nzima ya jana, lakini asubuhi Fundi Vifungo alipolivaa, likanuka moshi.

"Shemeji, umechoma kitu?"

"Hamna. Hata jiko sijawasha," akajibu shemeji yake, fundi viatu, mume wa marehemu mdogo wake.

Fundi Vifungo akalifunga gauni hivyo hivyo. Ilikuwa siku ya kumbukumbu, mwaka wa tatu tangu kiwanda cha nguo kiungue na kuua watu arobaini na wawili, milango imefungwa kwa nje. Yeye, aliyekuwa akishona vifungo humo, alitokea dirisha la choo. Mdogo wake, waliyemwita Chiriku kwa mdomo usiojua kupumzika, hakutoka. Leo Fundi Vifungo ndiye angesoma majina ya waliokufa mbele ya jiji zima.

Njiani, sikioni kabisa, sauti ya Chiriku ikasema, "Dada, mbona uliniacha?"

Akamshika shemeji mkono. "Umesikia?" akanong'ona.

"Sijasikia kitu," shemeji akasema kwa sauti ya chini. "Ila huo moshi, sasa hata mimi naunusa."

Uwanja ulitazamana na gofu la kiwanda. Walinzi watatu walikwishaacha kazi pale, wakiapa kwamba ndani kumehamia jini. Fundi Vifungo akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akaanza kusoma. Jina la kwanza. La pili. Alipofika la kumi spika zikakoroma kama mtu anayekabwa, harufu ya nywele zinazoungua ikampanda puani, na alipoinua macho akamwona Chiriku amesimama kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, mzima, hana hata kovu, anampungia mkono polepole, na jua lilimpiga usoni lakini ukutani nyuma yake hapakuwa na kivuli.

"Nyamaza, dada," sauti ikambembeleza. "Ukinyamaza, nitarudi nyumbani."

Machozi yakamlenga. Mungu ndiye ajuaye alivyotamani kunyamaza. Kisha neno lile likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Nyamaza? Chiriku? Huyo aliyekuwa akiongea hata usingizini?

"Wewe si mdogo wangu," akasema. "Mdogo wangu hakuwahi kumnyamazisha mtu. Wewe umevamia tu kaburi letu, hata hodi hukupiga."

Kipaza sauti kikazima. Akakitupa chini, akaendelea kusoma kwa koo lake, jina baada ya jina, mpaka likabaki moja. La Chiriku. Hapo ulimi ukawa mzito kama jiwe, pumzi ikakatika.

Shemeji, ambaye kwa miaka mitatu hakuweza kulitamka jina la mkewe, akasimama katikati ya umati akalitaja kwa kelele. Mama mmoja akalirudia. Kisha mstari wote, kisha uwanja mzima, mabati ya gofu yakitetemeka, na kile kitu dirishani kikarefuka kupita dari, kikapasuka uso, kikarudi gizani kinyumenyume.

Harufu ya moshi ikakatika.

Watu walipotawanyika, Fundi Vifungo alitazama tena juu. Kwenye kizingiti cha dirisha ulibaki mkono mweusi, umeng'ang'ania, vidole saba.

"Bado yupo, shemeji."

"Sasa tufanyeje?"

Akaikunja karatasi ya majina, akaitia kifuani.

"Kesho tunakuja tena. Na keshokutwa. Tuone nani atachoka."